Mawe Yanayongoja Simiti

Machakos

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako mbele ya posta, goti limepoa na watu wamepanga foleni uwaandikie barua zao. Mama je, sukari imeshuka? Mie mwili hauna neno, alhamdulillahi, ila moyo umenichafuka, na nisipokwambia wewe sijui nimwambie nani.

Unajua ofisi hii ya mipango ilinichukua kuandika yasemwayo na wananchi, maana mpango wa wilaya haupitishwi mpaka waulizwe. Nilijivuna, Baba. Nilijiona nimerithi kazi yako.

Mwezi wa nane tulikwenda Mwala, kukavu kweli, mama wa watu anashinda njiani na punda kutafuta maji. Mkutanoni akasimama Mama Mueni, kiongozi wa mwethya, ndiyo kikundi chao cha kufanya kazi pamoja bila malipo.

"Sisi hatutaki mambo mingi," akasema. "Tunataka ukuta kwa hii mto, ushike mchanga, ndio maji ikae ndani ya mchanga. Mawe tutabeba. Serikali ilete simiti tu."

Mikono yote ikapanda. Akanigeukia: "Mwandishi, umeandika?"

Nikawasomea neno kwa neno, kama unavyowasomea wateja wako kabla ya kufunga bahasha. Wakapiga makofi, kila mmoja akatia sahihi au dole gumba.

Kumbe kwao, kikao kikishakubaliana, kesho yake ni kazi. Hawakungoja barua wala bwana mkubwa. Mvua iliponyesha walikuwa bado wanasomba mawe kutoka kilimani kwa mikokoteni ya punda, mashamba mengi yakabaki bila mbegu. Hayo sikuyajua, nilikuwa huku mjini napiga chapa maneno yao.

Wiki iliyopita mpango ukatoka, kitabu kizuri chenye jalada la kijani. Nikatafuta Mwala. Nikakuta barabara ya malori ya kuchota mchanga, kwenye mto uleule. Ukuta haumo. Nikamuuliza mkubwa wangu, naye wala hakuona haya.

"Salim, hii kitabu ilienda kwa printa kabla ya mikutano. Tuliambiwa tuulize watu, si tuliuliza?"

Kurasa za mwisho wamebandika baadaye zile alama za dole gumba, na juu yake maneno: wananchi wameshirikishwa na wameridhia.

Jumamosi nikaenda mwenyewe kuwaambia. Baba, lile rundo la mawe linanipita kimo! Wakanipokea kwa vigelegele, wakidhani nimetangulia mbele ya lori la simiti. Nikasema yote, sikuficha hata la mkubwa wangu. Mama Mueni akaangalia mawe, akaniangalia mimi.

"Lakini wewe uliandika," akasema. "Sisi wote tulisikia ukisoma."

"Niliandika, mama. Hawakusoma."

Akatikisa kichwa kama anayemhurumia mtoto. Akawageukia wenzake: "Labda ofisi inaona hii mawe ni kidogo. Inafikiria hatuko serious. Tuongeze."

Wakarudi kilimani, Baba. Niliita mpaka sauti ikakauka, hakuna aliyegeuka. Mwisho nikabeba jiwe langu nikawafuata, maana kusimama pale na kalamu mfukoni niliona aibu. Sina tumaini lolote. Malori yakija, mchanga utakwisha, na lile rundo litabaki kando ya mto mkavu.

Nisalimie Mama, na dada Rukia na shemeji, na shangazi mshona kofia, umwambie ile aliyonitumia naivaa kila Ijumaa.

Uliniusia nisiandike ambalo mtu hakulisema, na nisiache alilolisema. Nimefanya hivyo. Sasa nijibu hili moja: mteja wako akirudi kila asubuhi kuuliza majibu ya barua, nawe unajua haikufunguliwa, humwambia nini?

Nakubusu mkono,
mwanao Salim