Mchoro wa Chemutai

Baba Chemutai, maziwa nimeshachemsha. Mafuta ya taa yamebaki kidogo, usiwashe stovu mara mbili. Mtoto asiende shule bila sweta, Kitale kuna baridi leo.

Chemu, sasa naandika kwako, kabla hujarudi na maji. Uliponionyesha mchoro wako asubuhi hii, baba yako aliuliza, "Mbona mama ametupa mgongo? Uso wake uko wapi?" Ukamjibu, "Si ndivyo namwonanga kila Jumatatu akienda kufundisha Kabuchai." Nikajifanya natafuta kiatu.

Mchoro ni mzuri, mwanangu. Lile bega limeinama kwa uzito wa mkoba, na leso imekunjika kiunoni vile hukunjika. Hayo umeyaona kwa macho yako, hakuna aliyekufundisha. Baba akikwambia ufute uweke uso, ~~msikilize~~ usifute. Ubandike ukutani.

Halafu nichoree mwingine. Ijumaa jioni simama kwa geti uniangalie nikirudi, nikishuka barabarani. Uso utauona vizuri, maana wiki nzima huwa nangoja kukuonyesha.

Mama