Rungu la Saa Mbili

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Ukumbi unavuja pale pale, kona ya jukwaa. Nimeweka ndoo. Wanawake wa mtaa wa Reuben wamefika wamelowa, wametoka kiwandani moja kwa moja, hata nyumbani hawakupita. Tumepiga vizuri. Shiko ameongoza, mimi nimeshika ngoma kubwa.

Saa mbili usiku, kama kawaida, Mzee Karanja akatoka na rungu lake akagonga geti la kwake. Pa, pa, pa, kwenye mabati. Nyumba yake inatazamana na mlango wetu hapa Kaloleni. Miaka yote ni hivyo. Anagonga, anarudi ndani. Na sisi miaka yote tunaongeza sauti. Leo pia nimewaambia, pigeni huyo asikie. Tumeenda mpaka saa tatu.

Ila sikufurahia. Mwezi jana Bodi ya sanaa na utamaduni ya jiji iliita baraza humu humu ukumbini, wakazi waseme wanaonaje shughuli zetu. Mzee akasimama. Alipotaja tu ngoma, nikasimama na mimi, nikafoka, watu wakapiga kelele, baraza likavunjika. Sasa Bodi inasema tumelalamikiwa. Na leo wamenipigia simu: wanakuja kutukagua Alhamisi ya wiki ijayo, jioni. Kikundi kitakachokutwa hakina shughuli, nafasi yake inapewa wengine.

Wueh.


Jumatano, 7 Mei

Sokoni Kariokor leo nimeshona kanda za viatu kinyume. Mteja akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Sina mgonjwa. Nina Bodi.

Kumbi zote za jiji ziko mikononi mwao. Wao ndio wanaosema nani aimbe wapi, siku gani, mpaka saa ngapi. Wanakuja, wanakaa nyuma, wanaangalia: watu wapo? Kuna kinachofundishwa? Majirani wameridhika? Hapo kwa majirani ndipo tutakwama. Tena kuna kikundi cha mazoezi ya viungo kinazitaka jioni zetu, watu wa spika kubwa na kuruka ruka. Walipita juzi, wakasimama mlangoni wakiangalia sakafu kama ya kwao.

Nikikosa ukumbi nitakuwa mtu wa kukaa na redio. Mume wangu alipokufa nililala kitandani mpaka watu wakadhani namfuata. Ngoma ndiyo iliyoniamsha. Sitaki kurudi pale, naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Shiko, anayeniita mathe kama mama yake, ananicheka. Ati, "Mathe, tulia. Tutawaangushia kitu hadi wasahau kwao." Yeye ni msichana, bado anaamini mambo.


Ijumaa, 9 Mei

Saa mbili imefika, kimya. Hakuna kugonga. Tukatazamana. Shiko akasema mzee ameokoka. Tumecheka mpaka Baba Wafula akaangusha vijiti vyake. Gari fulani likasimama nje, taa zikaingia dirishani, likaondoka. Sikuangalia ni la nani.

Tumepiga kuliko siku zote. Bodi wangekuja leo tungekuwa tumemaliza kazi.


Jumamosi, 10 Mei

Mzee Karanja amekufa. Presha. Lile gari la jana lilikuwa la jirani, linamkimbiza hospitali, na sisi ndani tunacheka. Alifia njiani.

Niliposikia, wazo la kwanza: basi na malalamiko yamekwisha. Hilo ndilo lililonijia. Kabla ya pole, kabla ya kumtaja Mungu. Nimejichukia asubuhi nzima.

Mimi na Shiko tumeenda ukumbini tukageuza ngoma zote mdomo chini, tukazifunika leso. Hapa kwetu jirani akifa ngoma hazipigwi mpaka azikwe. Tulivyofanya kwa wengine, ndivyo tulivyofanya kwake. Nimefunika ya mwisho ndipo nikakumbuka. Mazishi ni Jumamosi ijayo. Bodi ni Alhamisi.

Nilikaa pale pale sakafuni.


Jumapili, 11 Mei

Tumekutana baada ya kanisa. Mkutano mbaya.

Baba Wafula anasema kwao mtu hazikwi bila ngoma. Tupige Alhamisi, mzee atakuwa ameombolezwa na Bodi itakuwa imeona. Maneno hayo niliyaona matamu, sitadanganya. Lakini Karanja si wa kwa kina Wafula. Ni mtu wa kanisa, matanga yake ni nyimbo za kitabu na maombi. Na hizo ngoma ndizo alizokuwa anagongea geti.

Shiko amewaka. "Amededi na bado anatunyamazisha! Huyo mzee ni noma!" Nimemwambia achunge mdomo. Machozi yakamtoka, akatoka nje.

Wanawake wa Reuben hawakubishana. Mmoja tu amesema, polepole, kwamba jioni yeye hana pengine pa kwenda. Kisha wote wakanigeukia mimi. Kwani mimi ni nani?

Nimesema nitaongea na Bodi wasogeze siku. Nikishindwa, nitamuuliza mjane. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya.


Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia afisa wa Bodi, yule madam Chebet. Sauti nzuri, pole nyingi. Lakini kumbi ni nyingi na wakaguzi ni wale wale. Wakimsogezea mmoja, kesho kila mtu atakuwa na msiba. Ati kama nina sababu nitaieleza kwenye kikao chao, baada ya ukaguzi.

Baada. Yaani nikishaanguka ndipo nieleze kwa nini nimeanguka.

Nimepita nje ya geti la Karanja jioni. Rungu limeegemea ukuta, pale pale alipokuwa analiacha. Sikuingia. Nilijiambia kuna wageni wengi. Walikuwa wawili.


Jumanne, 13 Mei

Nimeingia. Mama Njeri, mjane wake, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mzee, leso kichwani, mikono mapajani. Nimempa pole, nimempa sukari na majani chai niliyobeba. Halafu nikazunguka zunguka na maneno mpaka yeye mwenyewe akanikata.

"Wanza, sema kilichokuleta."

Nikasema. Bodi, ukaguzi, ukumbi. Nikamuuliza kama tunaweza kupiga kidogo tu, ya maombolezo. Nilijisikia kama mwizi.

Akasema hapana. Hivyo tu. Baadaye akaniambia jambo ambalo afadhali angenitukana. Ijumaa ile saa mbili ilipofika mzee alikuwa hawezi kusimama. Akamwambia yeye, nenda wewe ukagonge. "Sikuenda," akasema. "Nilikuwa nimemshikia maji. Nikamwambia, waache leo. Sasa nakaa hapa nikifikiri, ningeenda tu."

Nimetoka bila kumaliza chai.

Nimewaambia wenzangu: hatupigi. Shiko akasema sawa, lakini hakusema mathe.


Alhamisi, 15 Mei

Wamekuja.

Mvua ilikuwa kubwa na nyumba ya Karanja ni ndogo, kwa hiyo watu wa matanga niliwafungulia ukumbi. Viti nimepanga mwenyewe. Bodi imefika ikakuta wazee wanaimba taratibu, wengine wameinama, sufuria ya chai inatoa mvuke mlangoni. Walikuwa watatu, miavuli inachuruzika. Madam Chebet ni mfupi kuliko sauti yake.

Akauliza kikundi kiko wapi. Nikamwonyesha. Yule anayemenya viazi. Wale wanaogawa chai. Baba Wafula pale na begi la mkate. Shiko alikuwa amepiga magoti kwa Mama Njeri akimfunika shuka miguuni. Sikumtuma.

"Na ngoma?"

Nikamwonyesha ukutani, zimefunikwa. Akazipiga picha. Akauliza marehemu ni nani. Nilipomtajia, akaangalia simu yake, akaniangalia mimi. "Si huyu ndiye aliyewalalamikia?"

Ndiye.

Akapokea chai, akainywa yote amesimama. Wenzake walitaka kuondoka. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi siwezi kuandika kitu ambacho sikukiona."

Basi. Imekwisha.


Jumamosi, 17 Mei

Tumemzika kwao Murang'a. Matope mpaka kwenye vifundo. Shiko aliteleza akashikwa na mpwa wa marehemu, amenunuliwa soda, sasa anajiona. Mara ya kwanza nimecheka wiki hii.

Jioni tumegeuza ngoma. Hakuna aliyegusa. Tumeambiwa tungoje kikao.


Jumatatu, 19 Mei

Wale wa mazoezi wameleta spika zao. Wameziweka kwenye stoo ya ukumbi. Mlinzi anasema wameruhusiwa kuweka tu, si kutumia. Kuweka tu! Sijala. Nimefanya mazoezi ya kueleza mbele ya kioo na kila mara nafika katikati naanza kufoka.


Jumatano, 21 Mei

Kikao. Chumba cha viyoyozi, meza ndefu, Bodi upande ule na sisi upande huu kama tumeshtakiwa. Mwenyekiti akasoma: kikundi hakikuwa na shughuli, jirani hakuridhika. Akaniuliza nina la kusema. Nikafungua mdomo. Nikaanza na msiba, nikasikia sauti yangu inapanda, nikaona wanaanza kuangalia saa. Nikanyamaza. Nilijua nimeshapoteza.

Mlango ukafunguliwa. Mama Njeri, na Shiko amemshika mkono. Sikumwita. Haki sikumwita. Askari alikuwa nyuma yao anasema shosho, ngoja, shosho, ngoja.

Hakungoja. Hakukaa hata alipopewa kiti.

"Mimi ndiye niliyewakataza," akasema. "Walikuja kuniomba, nikasema hapana, wakatii. Sasa mnawafukuza kwa sababu walinyamaza?"

Mwenyekiti akasema pole sana mama, lakini marehemu mwenyewe alikuwa amelalamika.

"Alilalamika nini?"

Wakatafuta. Madam Chebet akasoma yaliyoandikwa siku ya baraza: mkazi amepinga ngoma. Ndiyo hayo tu, halafu kelele.

"Hamkumngoja amalize," Mama Njeri akasema. Hapo akanigeukia mimi, si wao. "Alitaka saa mbili. Waanze watakapo, wamalize saa mbili. Alifanya kazi ya reli, aliamka saa kumi alfajiri miaka yote, usingizi wake ukazoea hivyo mpaka uzeeni. Hakuna siku alisema muondoke. Hata mlipokuwa hampigi, Jumapili, alikuwa ananiuliza, hao wako wapi?"

Nilitaka sakafu inimeze. Mimi ndiye niliyefoka siku ile. Kama ningefunga mdomo kwa muda wa mtu kumaliza sentensi moja.

Wakatutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la korido, sisi watatu, Mama Njeri katikati. Alinishika kidole kimoja tu, cha kati, akakishikilia.

Walipotuita: tumeachiwa ukumbi mpaka mwisho wa mwaka, kwa kujaribiwa. Mwisho saa mbili, si dakika moja zaidi. Watakuja bila kutuambia. Madam Chebet hakutabasamu lakini alifunga kompyuta yake kwa kishindo, kama mtu aliyeridhika.

Naogopa bado. Mpaka mwisho wa mwaka si mbali.


Jumatatu, 26 Mei

Siku ya kwanza tangu msiba. Hakukunyesha. Wanawake wa Reuben walikuja mapema, sijui waliwaambia nini wasimamizi wao. Spika za wale wengine zimeondolewa. Ngoma zilikuwa zimelegea kwa unyevu, Baba Wafula akawasha karatasi nje akazikausha moja moja.

Tumepiga. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, kisha ikarudi. Nilikuwa naangalia saa kila wakati. Sikutaka Bodi itukute. Sikutaka pia kitu kingine, sijui nikiiteje. Kwa hiyo tukamaliza kabla ya saa mbili, dakika chache. Nikainua mkono, wote wakaacha.

Kimya. Hakuna aliyefungasha. Tulikuwa tumesimama tu, kila mtu akitega sikio upande wa mlango.

Nikatoka nje. Mama Njeri alikuwa ameshatoka, yuko kwenye geti lake, sweta la mzee begani na rungu mkononi. Alikuwa ameliinua nusu. Akaniona, akasikia tumeshanyamaza, akabaki hivyo hivyo na rungu lake. Hana cha kugongea.

Nikarudi ndani. Nikamwambia Shiko, piga kidogo.

"Mathe, si muda umeisha?"

Piga.

Akapiga, peke yake, kwa nguvu. Na kule nje Mama Njeri akagonga. Pa, pa, pa, kwenye mabati. Tukaacha mara moja. Tukafunga ukumbi, tukaenda nyumbani.