Vyanzo Viwili

Xiaobei, Jumapili, 2009

Goti bado linauma, ila aibu ndiyo inayouma zaidi.

Leo nilikuwa nawafundisha wafanyabiashara wenzangu, pale ofisi ya kago, namna ya kujua kama habari ya mtandaoni ni ya kweli. Tazameni nani kaandika, nikawaambia. Tazameni tarehe. Tafuteni chanzo cha pili. Na kabla hujahakikisha, usimtumie mwenzio! Nilifoka hasa.

Mara ujumbe ukatokea kwenye kompyuta: "Polisi wako hapa mtaani Dengfeng, wanakagua pasipoti, wanapanda ghorofani."

Sikutazama nani kaandika. Nilijigonga goti kwenye meza, nikajifungia chooni, na humo humo nikawatumia watu wote ninaowajua.

Baadaye akagonga Mama Rehema, mnunuzi wa jinzi kutoka Mwanza.

"Mwalimu, toka. Ujumbe wenyewe wa mwezi uliopita, mtu kaurudia tu. Tumemuuliza laoban, yule Mchina mwenye duka la chini, tukamuuliza na mlinzi. Hakuna polisi."

"Mna uhakika?"

"Vyanzo viwili, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikatoka nachechemea, nikawaambia wamefaulu.

Mpaka sasa simu inaita. Mmoja kajificha ghalani huko Xintang, anauliza kama anaweza kutoka kwenye marobota ya jinzi. Nimemwambia atoke, hataki kuniamini. Anataka chanzo cha pili.

Wao wanacheka. Viza yangu inaisha Ijumaa. Hiyo nimeihakikisha, na tarehe nimeitazama vizuri. Laiti ingekuwa uvumi.