Kioo Kilichotazama Ukuta

Antwerp, 14 Novemba 2019. Leo natimiza miaka thelathini na miwili tangu niondoke mji wetu wa Benin.

Mdogo wangu Ivie,

Ukungu umetanda wiki nzima na goti linaniuma. Bado mimi ni mkalimani wa mahakama.

Jana nilimkalimania binti wa huko kwetu aliyeletwa Ulaya kwa ahadi ya kazi ya saluni, kisha akauzwa kwa wanaume. Alieleza alivyoapishwa asitoroke: alipigishwa magoti mbele ya kioo kilichogeuzwa kutazama ukuta, na nyuma ya kioo mzee asiyeonekana akakohoa mara mbili.

Wakili wa washtakiwa alicheka. "Mheshimiwa, kioo kinakohoa! Huyu dada katazama sinema mno. Na mengine yote ni hayohayo."

Jaji aliweka kalamu chini. Niliona hamwamini tena.

Binti akaninong'oneza kwa Kiedo, lugha yetu, "Mzee, wallahi nilikisikia."

Kikohozi kile nakijua; ni cha baba yetu. Kioo kile nilikigeuza mwenyewe, kama desturi ya msiba, siku tuliyomzika, katika chumba ambacho uliniandikia kwamba unauzia vitenge.

Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake. Nilivua kitambulisho, nikaomba niandikwe shahidi. Nilichora chumba, nikataja mtaa, nikataja jina lako. Jaji akaishika tena kalamu.

Leo asubuhi nikinyoa ndevu, kioo changu kilikohoa mara mbili.

Kaka yako Osaretin hatarudi nyumbani.