Usimsingizie Buddha

Mtaa wa Kwa Mathias,
Kibaha.
8 Juni, 2025.

Mpendwa kaka Raphaeli,

Shikamoo. Natumaini huko Thailand hujambo na kile kifua chako kimepata nafuu. Sisi huku miili ni mizima. Shemeji yako Abednego anakwenda kiwandani Kwala kama kawaida, watoto wanasoma. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Mama tulimzika Kisarawe, pembeni ya baba. Siku zake za mwisho, gari likisimama nje alikuwa anauliza, "Raphaeli huyo?" Mwanzoni nilimjibu siyo. Baadaye nikawa namwambia uko njiani. Alikufa akiamini hivyo.

Ujumbe wako uliingia kwenye simu wakati wanawake wanamwosha. Uliandika kwamba tangu uingie Ubudha umejifunza kuwa hakuna nafsi inayodumu, kwamba maumivu yetu yanatokana na kung'ang'ania, na kwamba wewe umeshamwachia mama aende. Ruhusa ya kazini ulikuwa nayo, ulisema mwenyewe. Wajomba waliponiuliza kaka yako anasemaje, niliwaambia mtandao unasumbua.

Baada ya msiba nilipita kwa Mama Hansa, yule Mhindu anayeuza vitambaa karibu na kituo cha mabasi. Nilidhani dini yake na hiyo yako ni kitu kimoja. Akaniambia zinakaribiana: wote wanaamini mtu huzaliwa tena, na matendo yake ndiyo yanayoamua atazaliwa katika hali gani.

"Lakini sisi tunasema ndani ya mtu kuna roho isiyokufa," alisema. "Inahama mwili huu, inaingia mwingine, mpaka siku itakapofunguliwa irudi kwa Mungu. Wabudha wanasema roho ya namna hiyo haipo."

Nikamwuliza kwao mtoto ana kazi gani mzazi anapokufa. Alikunja kitambaa kilichokuwa mezani. Kisha akasema mume wake alipofariki, mtoto wao mkubwa alitoka Uingereza na nguo alizovaa kazini, akawasha moto wa kumchoma baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikiichukia hiyo dini yako. Nilimwambia Abednego Wahindu wana watoto, Wabudha wana maneno. Jumapili akaja na fundi mmoja wa kiwandani kwao, Bwana Sunil, Mbudha wa kuzaliwa kutoka Sri Lanka. Nilimpa chai, nikamsomea ujumbe wako.

"Maneno yenyewe ni kweli," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Sisi tunasema mtu ni kama moto unaotoka taa hii kwenda taa ile. Siyo moto uleule, siyo mwingine kabisa. Hakuna kitu cha kushika, na ile kiu ya kushika ndiyo inatutesa."

"Kwa hiyo mtoto asije kumzika mama yake?"

"Nani kasema? Mama yangu alipougua nilikwenda, nikamlisha kwa kijiko. Alipokufa tuliwalisha watawa, thawabu imfikie yeye. Buddha alifundisha tutunze wazazi. Kuachia siyo kutokwenda, dada. Unakwenda, unamshika mkono, halafu ndiyo unaachia."

Kaka, mpaka siku ile nilikuwa na cha kulaumu. Nilikuwa nasema dini imemchukua kaka yangu, na kusema hivyo kulinipa nafuu. Bwana Sunil alipomaliza chai yake akaondoka, nilibaki na wewe tu.

Endelea kuwa Mbudha. Mimi na Ulutheri wangu sina ugomvi na hilo, na nadhani mama angelia siku moja kisha angezoea. Lakini kutokuja ni kwako. Usimsingizie Buddha.

Shangazi Laurentia anakusalimu sana na anakuombea. Wanangu Selina na Calist nao wanakusalimu, ingawa Calist hakukumbuki sura. Mjomba Mahona hakunituma salamu, nami sitamtungia.

Mungu aliyemtunza mama mpaka mwisho akutunze na wewe huko uliko, hata kama humwiti tena.

Mimi mdogo wako, nikupendaye kwa shida,

Anjela