Kelele Si Mali ya Wenye Bunduki

Jumamosi, mtaani Ndosho. Mvua inapiga mabati tangu asubuhi, umeme umerudi bila kutuambia ulikokuwa, na mimi nina hasira. Hasira nzuri, ile ya kufanyia kazi.

Jana nilimtia mama yangu hofu mbaya. Nilikuwa kwenye mashine yangu ya muziki, visanduku nilivyounda kwa vipuri vya redio mbovu na kuviunganisha kwa nyaya. Nilitafuta sauti ya hi-hat, vile visahani viwili vya ngoma vinavyolia tsi-tsi-tsi. Si lazima uwe na visahani vyenyewe vya shaba. Unachukua kelele tupu, ile shhhh ya redio isiyoshika stesheni, unaikata vipande vifupi, basi. Lakini niliiacha na uzito wake wa chini, ile besi, na kipande cha kwanza kikatoka pa! kama risasi.

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Akajitupa sakafuni, mikono kichwani. Tangu akimbie vita kule Masisi na kuja kukaa kwangu, hata mlango ukibamizwa anatetemeka.

"Zima ile kitu, Furaha," alisema akiwa bado chini. "Sitaki tena ile makelele mu nyumba."

Jirani yetu, Papa Gédéon, alikuja mbio akamwinua, kisha akanigeukia mimi. "Mu hii vita mutu anafanya muziki ya nini? Uzisha ile mashine, mununue bunga ya ugali."

Hapana.

Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo. Vita vimechukua shamba letu, ng'ombe wetu, na kwaya aliyoimbia Mama. Sasa vichukue na kelele pia? Nani aliwapa wenye bunduki? Mvua hii ina kelele. Mafuta ya mikate ya kukaanga hapo barabarani yana kelele. Nakataa kuwaachia.

Ila chumba ni hiki kimoja, na Mama hana pengine pa kwenda. Asipoweza kukaa na sauti hii, mashine itatoka. Nilimwambia hivyo leo, nikamwomba anivumilie alasiri hii tu, na swichi ya umeme wa mashine nikamwekea mkononi mwake.

Nilianza chini kabisa, karibu mvua inifunike. Pa. Akazima papo hapo. Nikangoja mpaka akawasha mwenyewe, nikageuza kitufe cha chujio kuondoa uzito wa chini. Ta. Akazima tena. Nilitaka kulia, sifichi. Nikaondoa zaidi, nikafupisha zaidi, mpaka ikabaki ile ncha ya juu tu, nyembamba, isiyo na kifua.

Tsi.

Hakuzima.

Tsi, tsi, tsi. Niliogopa hata kumtazama. Nikaendelea kwa muda, macho kwenye nyaya, mpaka nikasikia maharagwe yakidondoka kwenye sahani. Nikageuka. Alikuwa anachambua, swichi ameiweka kando kwenye mkeka.

"Iko nakwenda polepole sana," akasema bila kuinua kichwa. "Ku Masisi tulikuwa tunaimba mbiyo kuliko hivi."

Nikaongeza kasi. Akasema bado. Nikaongeza tena.

Mashine haiuzwi. Kesho Papa Gédéon akitaka kutugongea ukuta wa mbao ili tunyamaze, karibu sana, ila agonge kwa mapigo ya Mama.