Majina Manne Ndani ya Kaseti

Jumatano, 12 Novemba 1997

Assalamu alaikum. Sijui kuanza kuandika bila salamu. Mwalimu wa ngumbaru alitufundisha barua tu, tena kwa Kiswahili, hakutufundisha mambo ya daftari la mtu mwenyewe. Basi nasalimu. Namsalimu Abdow, mume wangu, anakohoa lakini ameamka na kuswali. Namsalimu Naimo, binti yangu wa miaka kumi na tatu, ambaye leo pia ameacha chakula kwenye sahani. Namsalimu Keinan, mtoto wa dada yangu, aliyetoka Eastleigh na gari la mwisho kabla barabara haijakatika, sasa amekwama kwetu. Nawasalimu mbuzi watatu waliobaki, mmoja ametupa mimba. Namsalimu Salah, kifungua mimba wangu, popote alipo. Nimemweka mwisho, si kwamba nampenda kidogo.

Aliondoka hapa Garissa tarehe 18 Oktoba na lori la unga kwenda Mandera. Alisema siku nane. Neno la mwisho lilitoka Wajir.

Mvua tena.

Ijumaa, 14 Novemba

Keinan amefungua boksi lake. Mashine ya gemu, mpya, imetoka Dubai. Haitumii kaseti kama yetu, inatumia sahani nyembamba inayong'aa. Na ndani yake, anasema, kuna gemu ile ile ya Salah. Wajapani wameitengeneza upya.

Hiyo gemu naijua. Salah aliinunua kwa mzungu wa shirika kule Dadaab, miaka mitatu iliyopita. Si ya kupiga risasi. Ni hadithi ndefu — watu wanne wanatembea nchi nzima wakitafuta kengele iliyoibwa. Mwanzoni unawapa majina, kila jina herufi tano basi. Salah akahesabu kwa vidole akacheka. SALAH. NAIMO. ABDOW. HOOYO, yaani mama, ndiyo mimi. Wote tukaenea. Mimi ndiye mwenye kitambaa cheupe, naponya wengine wakiumia. Kila jioni Naimo alinisomea kile Kizungu — hooyo, leo umemponya Abdow mara sita, baba hajui kupigana. Abdow akasema hata huko nachoka.

Salah na Naimo wamebakiza mlango mmoja waimalize. Salah alipoondoka alimwambia Naimo, msimalize bila mimi.

Jumamosi, 15 Novemba

Keinan aliwasha ile mpya. Tulikaa wote kutazama. Maji yanameremeta. Nyasi zinacheza na upepo. Muziki kama wa harusi ya matajiri. Maandishi yote ni ya Kijapani, Naimo hawezi kusoma hata neno. Nikamwambia sasa tumekuwa sawa, mimi na wewe. Alicheka kidogo. Mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Lakini yule mwanamke wa kitambaa cheupe. Sasa ana uso. Pua ndefu, macho makubwa, nywele za rangi ya asali. Kwenye ile ya zamani uso wake ni vidoti vitatu tu, na ndiyo maana niliweza kuwa yeye. Huyu wa sasa ni msichana wa watu.

Keinan anasema, habaryar, mama mdogo, ni ile ile, imeoshwa tu.

Naimo akasema, kama ni ile ile, sisi tuko wapi ndani yake?

Keinan akamjibu, mtaandika majina tena.

Na la Salah aandike nani?

Keinan si mtu mbaya. Anataka kutuachia mashine mpya achukue ya zamani aweke kwenye chumba chake cha gemu kule Eastleigh. Anadhani anatusaidia. Nimemwambia angoje.

Jumatatu, 17 Novemba

Naimo aliwasha yetu, majina hayakutokea. Orodha tupu. Alizima, akatoa kaseti, akapuliza, akarudisha. Wakarudi wote wanne.

Nikaipeleka kwa Lazarus, fundi wa redio, mtu wa Meru. Aliifungua mbele yangu. Ndani kuna betri ndogo kama kifungo cha shati. Akaniambia hivi, Mama Salah, hii ndiyo inakumbuka. Imezeeka. Nikiweka mpya, kaseti itaishi miaka kumi. Lakini wakati wa kubadilisha, kila kitu kilichoandikwa kinafutika.

Nikamuuliza, na ukiiacha?

Itafutika yenyewe. Kesho, au baada ya mwaka.

Sasa ni nini hicho amenipa. Nilimwambia aifunge kama ilivyokuwa.

Njiani nilimkumbuka mama. Chombo chake cha maziwa kilipopasuka alikishona upya, akakifukiza moshi, na maziwa yakawa na harufu ile ile ya utoto wangu. Kwa hiyo si kweli kwamba kurekebisha ni kuharibu. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuiona hiyo gemu, ile ya Keinan ni zawadi kubwa. Acha waitengeneze, waipake rangi. Lakini mama alishona kile kile chombo. Hakuleta kingine akaniambia ni kile.

Alhamisi, 20 Novemba

Taa zimekatika mji mzima. Dizeli ya jenereta imekwisha, malori hayapiti. Mkate hakuna. Abdow anakohoa.

Jumapili, 23 Novemba

Nimefanya kosa.

Leo jua lilitoka, la kwanza baada ya siku tisa. Kila nyumba ilianika — magodoro, nguo, mahindi, na betri za tochi juu ya mabati, kama tunavyofanya zikichoka, zipate nguvu tena. Nikaanika za tochi. Halafu nikawaza ile ndogo iliyochoka ndani ya kaseti. Betri si betri? Nikaiweka kaseti katikati yao, nikasoma bismillahi.

Naimo alitoka madrasa akatazama juu. Alipanda ngazi, akaiteremsha kwa shuka maana ilikuwa inaunguza. Ile karatasi ya picha imejikunja, plastiki upande mmoja imepinda kidogo.

Nikamwambia nilitaka kuipa nguvu.

Akasema najua, hooyo. Kisha akaenda kukaa nje, akanipa mgongo.

Na stima hakuna, hatuwezi hata kujua kama wale wanne bado wamo.

Jumatatu, 24 Novemba

Naimo hajasema na mimi. Keinan ameniambia, habaryar, sasa chukueni mpya, ile imekufa. Nikamwambia wewe umeiona maiti yake? Nilikuwa mkali. Jioni nikampikia chai ya tangawizi.

Alhamisi, 27 Novemba

Kwa Korane sokoni kuna taar, ile redio ya kuongea na miji ya mbali. Kila mtu anasikia habari ya kila mtu. Nimesimama pale tangu asubuhi. Rhamu wakaingia. Sauti inakuja inapotea. Lori la unga limechukuliwa na maji kwenye lagga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, huku upande wa El Wak. Lilikuwa na watu watatu. Wawili walitoka, wamefika Rhamu kwa miguu.

Korane akauliza, majina, tupe majina.

Sauti ikapotea.

Wanawake walinishika mkono. Mmoja akaanza kusema Mungu amrehemu, nikamziba mdomo kwa kiganja changu. Naomba msamaha wake, ila sijutii.

Nyumbani nilimwambia Naimo kweli yote. Alilala mapajani mwangu kama alipokuwa mdogo. Abdow aligeukia ukuta.

Jumanne, 2 Desemba

Ndege ya jeshi imeleta dizeli. Saa kumi baada ya alasiri taa zimerudi, mji mzima ukapiga kelele.

Keinan anaondoka kesho na ndege hiyo hiyo. Ameuliza mara moja tu, kwa upole, achukue mashine gani. Sijamjibu.

Naimo amechomeka kaseti. Imekataa kidogo kuingia, imeingia. Televisheni iko tayari, nyeusi, inavuma. Kidole chake kiko kwenye swichi. Ananiangalia mimi. Hata Abdow amekaa kitako.

Nimemwambia ngoja. Ngoja kwanza niandike maneno ya kupeleka kwa Korane, maana Rhamu wanafungua taar saa kumi na moja.

Rhamu, mnaonisikia. Ni mama yake Salah Abdow, Garissa. Salah, baba yako anakusalimu, anakohoa lakini yupo. Naimo anakusalimu, hajamaliza bila wewe. Keinan anakusalimu. Mimi nakusalimu. Ndani ya kaseti bado tuko wote wanne, maana hatujawasha. Anayewajua wale wawili waliotoka majini atwambie majina yao. Lete neno upesi, leo hii, nimemwambia mtoto angoje.